Chapa ya Shavuni

Arvid Lokken alianza kukamua ng'ombe kabla miguu yake haijafika chini akikaa kigodani, na katika kaunti yao kule Wisconsin, Marekani, hakuna aliyepata kumwona akimpiga mnyama. Ndiyo maana mwaka ule wa themanini na sita ulimuumiza kuliko wengi.

Serikali iliyokuwa imewahimiza wafugaji miaka nenda miaka rudi wakamue zaidi, sasa iligundua kwamba maziwa yamezidi. Basi ikatoa ruzuku ya ajabu: mfugaji alipwe, naye apeleke ng'ombe wake wote machinjioni, hata ndama, asifuge tena wa maziwa kwa miaka mitano. Ili asitokee mjanja wa kuwauza kwingine, kila ng'ombe apigwe chapa ya moto shavuni. Watu wa ofisini hawakosi la kubuni. Arvid alikuwa amekabwa koo na benki, na bila ruzuku ile shamba lingeuzwa. Akakubali.

Siku nzima banda lilinuka nywele zilizoungua. Alipofika kwa Tilda, ng'ombe mzee aliyemlea kwa chupa tangu alipozaliwa, mkono uligoma.

"Huyu simchomi," alimwambia mkewe, Verna.

"Usinitanie, baba watoto. Akikosekana mmoja hatulipwi hata senti."

"Mmoja tu, Verna. Nani atajua?"

Akamswaga Tilda hadi kwa jirani yake, Clarence Zastrow, akamchanganya na ng'ombe wengine wa madoa meusi na meupe. Ofisini akasema amekufa.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku moja kabla ya lori la machinjioni kufika, afisa wa kaunti, Roger Dahlke, aliyekuwa mzaliwa wa hapo hapo, alikuja na tetesi alizozisikia mgahawani. Akamchukua Arvid, wakaenda kusimama kwenye ua wa Clarence. Ng'ombe walikuwa wakila mbali malishoni. Roger aliwatazama mpaka akachoka.

"Mimi naona ng'ombe tu. Mzee Arvid, sitaki kukusumbua. Niambie hapa hamna wako, nikajinywee kahawa yangu."

"Mwambie aende, bwana," Clarence akasema. "Alikuwa hivi hivi tangu shule, anaandama watu."

"Hamna wangu hapa, Roger," Arvid akajibu.

Hakuita mtu. Lakini sauti ile ndiyo iliyomwita Tilda asubuhi na jioni maisha yake yote. Kule malishoni kichwa kimoja kiliinuka. Tilda akajitenga na wenzake, akaja mbio za kizee huku kiwele kikiyumba, akapitisha kichwa juu ya ua na kumlamba Arvid mkono. Clarence aligeuka akatazama kwingine.

Roger alivua kofia, akaivaa tena.

"Sijaona kitu, mzee," alisema taratibu. "Ila kesho lori likiondoka, awemo, na chapa yake. Asipokuwemo, siwezi kukusaidia."

Arvid aliona aibu, lakini uchungu uliizidi aibu. Alirudi nyumbani akitangulia mbele na kuongea njia nzima, Tilda akimfuata. Bandani Verna aliwaona, akaelewa, akaenda kuleta kamba ya kumfunga.

"Ya nini?" Arvid akamuuliza, chuma cha chapa tayari mkononi. "Nikimwambia asimame, atasimama."