Seremala wa Kimwani na Amri ya Kunyamaza

Mwalimu wetu wa muziki pale Kashozi ana gazeti lake. Huliandika peke yake, hulibandika ukutani kila Jumatatu, na nadhani msomaji wake mkuu ni yeye mwenyewe. Tangu aliponunua gramafoni Bukoba mjini, anatuarifu humo kwamba nyimbo za zamani zimechoka na watunzi wa kisasa wamewasili. Tulipowahesabu watunzi hao tulimpata mmoja: seremala kijana kutoka Kimwani, anayetunga nyimbo za kanisa kwa enanga, kile kinanda cha nyuzi cha kwetu.

Kijana ana kipaji, hapo sifanyi mzaha. Muhula uliopita padri mkuu alikubali kumsikiliza Jumapili baada ya misa. Akipendezwa, angempa kazi ya kufundisha kwaya. Asipopendezwa, kijana angerudi kwao kupiga randa.

Mwalimu akaona hatari ni sisi.

"Ulaya," alituambia, mtu ambaye hajavuka hata kwenda kisiwa cha Bumbire, "muziki wa kisasa husikilizwa kwa kimya. Atakayeitikia nitamchapa."

Akapita hadi migombani kuwafundisha wazee kunyamaza.

Sasa, kwetu mpiga enanga huitikiwa. Akimaliza mstari unamrudishia, na lazima bibi mmoja aseme, "Eee, waitu," yaani ndiyo, mpendwa wetu. Usipoitikia, umemwambia aende zake. Mwalimu amezaliwa hapa hapa. Sijui hilo alilisahau wapi.

Jumapili, pale uwanja wa kanisa, kijana akaimba mstari wa kwanza. Kimya. Wa pili. Ungesikia kuku akitembea. Jasho likamtoka puani, mwalimu anatabasamu na kuandika kwenye daftari. Baada ya wa tatu kijana akaiweka enanga chini.

"Nisamehe, Baba," akamwambia padri. "Nitarudi Kimwani."

Bibi aliyekaa mbele yangu akageuka. "Mjukuu wangu, huyu mtoto ametukosea nini?"

"Hajakosea, Bibi. Ndiyo kisasa."

"Basi kisasa kina roho mbaya."

Nikaitazama fimbo ya mwalimu, nikamtazama kijana. Nikaurudisha ule mstari wa tatu kwa sauti yangu ya chura. Bibi akadakia, "Eee, waitu," na uwanja mzima ukafuata. Kijana akaiokota enanga yake, akaimba mpaka padri akawa anatikisa mguu. Kwaya akapewa siku ile ile.

Jumatatu gazeti likaandika kwamba ushindi umeletwa na ukimya wa wasikilizaji. Nililisoma mpaka mwisho, tena bila haraka, maana kukaa nilikuwa siwezi.