Bibi Aliyewajua Wapolandi

Mwaka ule Baba Mtakatifu alifariki mara mbili. Ndivyo watu wa Mikumi walivyosema, nami sikuwa na namna nzuri zaidi ya kulieleza jambo lenyewe. Yule mzee tuliyemzoea alifariki Mwezi Mtukufu ulipokuwa umeanza tu, majirani zetu Waislamu wakiwa wamefunga. Aliyechaguliwa baada yake, yule wa tabasamu, alikaa mwezi mmoja na siku chache, naye akafariki. Madereva wa malori ya Zambia waliosimama kunywa chai kando ya barabara kuu walikuwa na maelezo yao, mengine ya sumu na mengine ya uchawi. Katekista wa kigango, kanisa letu dogo la kijijini, aliwasikia akachukia.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wangu wa tatu kazini. Nilikuwa binti Mkatoliki kutoka Ruaha, kwenye mashamba ya miwa. Nilipanga chumba kwa mjane mmoja Mwislamu ambaye kila mtu alimwita Bibi, mtu wa bondeni Kilosa aliyehamia Mikumi na mumewe wakati wa kuanzishwa kwa vijiji vya ujamaa. Mumewe alikuwa seremala, naye alikuwa amefariki miaka kadhaa kabla sijafika. Bibi alikaanga vitumbua vya kuuza alfajiri, na saa mbili hivi vilikuwa vimekwisha. Hakuniuliza habari za dini yangu, nami sikumuuliza za kwake. Jumapili nikirudi kutoka kanisani nilikuta amenibakizia chai. Ijumaa mimi ndiye niliyemchotea maji ya kutawadha, kwa sababu goti lake la kulia lilikuwa bovu na kisima kilikuwa mbali.

Basi wakakaa tena makardinali kuchagua Papa wa tatu ndani ya mwaka mmoja. Pale kigangoni tulitumaini kwamba safari hii angekuwa Mwafrika. Hakuna aliyetuahidi. Tulijiambia tu kwamba kama nchi zetu zimepata uhuru na marais wao, basi hata hilo linawezekana. Mimi nilikuwa mmoja wa waliotumaini kupita kiasi.

Nilisikia habari asubuhi, katika taarifa ya redio, nikinywa uji uani huku Bibi akigeuza vitumbua vya mwisho. Mtangazaji alisema Papa mpya amepatikana, na safari hii si Mtaliano. Moyo ukaruka. Kisha akasema ni mtu wa Poland, akataja jina refu ambalo hata yeye lilimshinda. Niliweka bakuli chini. Naona aibu kukiri kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni kununa.

Bibi aliniomba nirudie jina la ile nchi. Nikarudia.

"Wapolandi," alisema. "Wale wa Ifunda."

Nilijua Ifunda ni mbele ya Iringa, lakini sikuelewa Wapolandi wangetafuta nini huko, na kengele ya shule ilikuwa karibu kugongwa. Nikaenda.

Siku hiyo nzima watu hawakuongea jambo jingine. Mwalimu mkuu alitundika ramani ya dunia ili darasa la saba waitafute Poland. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja kukagua shamba la shule, alisimama kuitazama, akauliza kama hiyo si ile nchi ya kisoshalisti. Alipoambiwa ndiyo, alifurahi kweli kweli. Yeye hakuwa Mkatoliki, wazazi wake walikuwa Waanglikana wa milimani, lakini alitutangazia walimu kwamba sasa hata Wakatoliki wamechagua mjamaa. Katekista alipopata maneno hayo akaja shuleni mbio, amefadhaika, kuniuliza kama ni kweli Papa ni mkomunisti. Nilimtuliza kwa kadiri nilivyoweza. Alikuwa na shida nyingine pia. Papa huyu alikuwa amechukua jina lile lile la marehemu aliyemtangulia, na mama mmoja wa kwaya alikuwa amekwisha kutangaza mtaa mzima kwamba yule mwenye tabasamu kumbe hakufa.

Niliporudi mchana nilimkuta Bibi amekaa kwenye mkeka, amevaa kanga yake safi kama mtu anayetarajia mgeni. Hakuwa amelala kama kawaida yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniomba nimwonyeshe Poland ilipo. Nilikuwa nimebeba atlasi ya shule. Nikamfungulia, akaweka kidole chake juu ya ile nchi, kidole kimoja kikaifunika yote.

Ndipo aliponisimulia. Wakati wa vita vya Hitla, Waingereza waliwaleta Wapolandi katika nchi yetu, wanawake na watoto wengi na wazee wachache, watu waliofukuzwa makwao. Kambi mojawapo ilikuwa Ifunda. Mumewe alipata kazi ya kuchonga milango na vitanda, naye Bibi akamfuata, msichana aliyeolewa karibuni, mwenye mtoto wa kike mgongoni. Alifua nguo za wale wanawake. Alisema walipanda maua mbele ya vibanda vyao hata kabla ya kupanda mboga, na waliimba sana. Alijifunza kusema habari za asubuhi kwa lugha yao, mkate, maji na asante. Aliyatamka maneno hayo mbele yangu, polepole, kama mtu anayetoa vyombo vya udongo kabatini.

Mmoja wao alikuwa rafiki yake. Alilitaja jina lake, lakini sitaliandika, na sidhani kama alilitamka vilivyo. Mwanamke huyo alikuwa amezika watoto wawili njiani, katika nchi za baridi, kabla ya kufika Afrika. Hilo Bibi alilielewa kwa ishara: vidole viwili, kisha kiganja kikielekea chini.

Mtoto wa Bibi alishikwa na homa akiwa na miaka miwili. Alikufa baada ya siku tatu tu. Nguo zilikuwa adimu wakati wa vita, watu wengine walivaa magunia, na mumewe alizunguka tangu asubuhi akitafuta kitambaa cha sanda asipate. Yule mwanamke alikuja kibandani kwa Bibi, akatazama, akaondoka. Aliporudi alikuwa amebeba shuka jeupe, limefuliwa na kupigwa pasi. Bibi alilitambua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akilifua. Lilikuwa shuka pekee la mwanamke huyo. Wanaume Waislamu wachache waliokuwa kambini walilipokea, wakamzika mtoto. Mwanamke yule akakaa chini sakafuni na Bibi siku mbili, bila lugha yoyote kati yao, akiondoka tu kwenda kuchota maji.

Vita vikaisha. Siku moja malori yakaja kuwachukua Wapolandi, awamu kwa awamu, kuwapeleka pwani kwenye meli. Siku ya rafiki yake, Bibi alikuwa amekwenda mtoni kufua. Alirudi akakuta kibanda kitupu.

Alipomaliza, alinirudishia atlasi. Kisha akaniuliza kama huyu Papa wetu anaweza kujua aliko mwanamke huyo.

Nilimweleza, kwa upole niliokuwa nao, kwamba Wapolandi ni mamilioni.

"Najua ni wengi, Mwalimu," alisema. "Lakini siku zote sikujua niandike kwa nani. Sasa kuna mmoja anayejulikana anakoishi."

Nikachukua daftari. Barua haikuwa ndefu. Bibi alitaka kwanza Papa asalimiwe na apewe pole kwa msiba wa wenzake wawili. Alitaka aelezwe kwamba anayeandika ni Mwislamu, asije akafikiri amedanganywa. Kisha akataja jina la rafiki yake na la kambi. Nilimuuliza rafiki yake akipatikana aambiwe nini. Alichezea pindo la kanga.

"Mwambie shuka lilitosha," alisema.

Nikaandika. Ilinibidi niinuke, nikajifanya natafuta bahasha chumbani.

Padri wetu, Mzungu mzee aliyekuja kwa pikipiki kila baada ya Jumapili mbili, aliisoma barua ile amesimama mlangoni mwa kanisa, kofia ya safari bado kichwani. Aliisoma mara mbili. Niliogopa atacheka, au ataniambia kwamba barua za namna hiyo hazipelekwi. Hakusema hivyo. Alisema ataitafsiri na kuituma pamoja na za kwake kupitia kwa askofu, na kwamba hawezi kuahidi jibu. Akauliza kama Bibi angekubali jina la rafiki yake litajwe kwenye misa.

Bibi alikubali, na alikuja. Alikaa kwenye benchi la nje, chini ya upenu, pale walipokaa akina mama wenye watoto wachanga. Ndani tulimwombea Papa mpya. Nilipokuwa nikiitikia sala, niligundua kwamba lile nung'uniko langu lilikuwa limekwisha, sikumbuki lilikwisha lini. Mtu yule wa mbali mwenye jina gumu alikuwa amepata kabila machoni pangu, kabila la watu wanaopanda maua kwanza. Kisha padri akamtaja rafiki ya Bibi, awe hai au awe marehemu, akalitamka jina tofauti kabisa na Bibi alivyolitamka. Nilitazama nje dirishani. Bibi alikuwa amelitambua. Midomo yake ilikuwa ikilirudia kwa matamshi mapya.

Jibu halikuja. Kabla ya mwezi kwisha vita vya Kagera vilianza, na redio haikuwa na nafasi tena ya Papa wala mtu mwingine. Vijana wa kijiji waliondoka, malori ya barabara kuu yakawa ya rangi ya jeshi, na barua zilichelewa miezi. Kila padri alipofika, Bibi alinitazama nikirudi kutoka kanisani, nami nilitikisa kichwa. Baada ya muda akaacha kutazama.

Lakini jambo moja lilitokea, na nadhani lilitokana na ile misa. Asubuhi moja Bibi aliniambia kwamba kama jina la rafiki yake limeweza kusomwa kwenye sala mbele za watu, basi mtoto wake naye anastahili. Kule ugenini, miaka ile, hawakuwa na uwezo wa kufanya hitima, kisomo cha kumwombea marehemu. Alikuwa amejiwekea mchele. Aliniomba nimsaidie kupika.

Ilikuwa Ijumaa, wakati wa likizo. Niliuchagua mchele kwenye ungo tangu asubuhi, yeye akitwanga viungo ameketi kwenye kigoda, goti lake limenyooshwa. Baada ya sala ya mchana walikuja maalimu na wanaume wa msikitini, mwenyekiti wa kijiji naye akaja, na nyuma yao katekista wetu amebeba jogoo, hajui amkabidhi nani. Nilimwonyesha pa kuvulia viatu. Alikaa kando ya ukuta, mikono mapajani, muda wote wa kisomo.

Kabla ya dua maalimu aliuliza jina la marehemu. Bibi alikuwa na sisi wanawake, upande wa pili wa pazia. Miaka mitatu nilikuwa nimelala chini ya paa lake, na sikuwahi kumsikia akilitamka jina hilo. Alilisema kwa sauti ya kawaida, wazi, kama mama anayemwita mtoto aje kula. Maalimu akalipokea na kuendelea. Bibi aliushika mkono wangu, ambao bado ulinuka iliki, akaushikilia mpaka dua ilipokwisha. Kisha akaniambia tuinuke tukapakue, watu wana njaa.