Sauti Ndani ya Kanda ya Wafula

Usipoamini ni hiari yako, lakini mlango nilioupiga teke bado una alama ya kiatu changu. Nilikuwa nimetoka kumshusha mwanangu Zuhura kwenye kiti huko roshani, ghorofa ya tatu, mguu mmoja tayari uko juu ya chuma cha ukingo, anasema, "Bee mama, naja." Mchana kweupe. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga samaki. Sikumwita.

Subira yangu ikaishia hapo.

Tunakaa Discovery Gardens, huku kwa Waarabu tulikokuja kutafuta kazi, nyumba moja imegawanywa vyumba vinne kwa mbao. Nyuma ya ubao wangu yuko Wafula, Mkenya mwenzangu, ila yeye wa bara na mimi wa Malindi. Ni mlinzi hotelini, Garhoud. Siku nyingi alikuwa anapiga kanda moja tu, kaseti ya kizamani aliyoipata kwenye mitumba: rap ya kusini mwa Marekani, ya vijana waliojirekodia chumbani, haijawahi kufika dukani. Ngoma nzito, ya polepole. Kinanda kama kimezamishwa majini. Kijana ananong'ona kama yuko kisimani, na nyuma yake sauti ya mwanamke, neno limekatwa, linarudiwa, linarudiwa.

Nilishagonga ubao mpaka nikachoka. Jibu lake?

"Mama Zuhura, hiyo ni sanaa! Wanakata kipande kwenye santuri ya zamani, wanakishonea ngoma."

Sanaa gani ya kumnyima usingizi mtu aliyetoka zamu?

Basi siku hiyo niliupiga mlango wake teke, nikaingia bila hodi. "Mwanangu kasikia sauti humo, nusura aanguke kwa huu uchafu wako!"

"Khalas, basi, napunguza..."

Sikumngoja. Nikaichomoa kaseti kwenye redio.

Ngoma ikakatika. Kijana akanyamaza. Yule mwanamke hakunyamaza.

Naapa. Kaseti iko mkononi mwangu, haizunguki, na sauti inatoka, sasa bila ngoma, safi kabisa. Sijasikia kitu kizuri kama kile tangu nizaliwe. Chumba chote kilikuwa kama kimesimama kuisikiliza. Ilikuwa sauti ya mama yangu, aliyefia Malindi nami niko huku huku nafagia vyumba vya watu. Ananiita kwa lile jina alilokuwa akiniita yeye peke yake. Hasira yote ikanitoka, mdomo ukafunguka wenyewe. Kwetu mama akikuita huulizi kuna nini. Unaitika bee na unamfuata alipo. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomlea Zuhura.

Nikauziba mdomo kwa mkono.

Wafula akaniuliza taratibu, "Kumbe na wewe unamsikia?"

"Ni mama yangu."

"Wako? Huyu ni wangu. Anaongea Kibukusu." Akakaa kitandani. "Arbab, bosi wangu, alininyima ruhusa ya kwenda nyumbani, Mama Zuhura. Sikumzika. Unadhani kwa nini naipiga?"

Ndipo Zuhura, aliyekuwa amenifuata nyuma, akanivuta dera. "Mama, mbona unaniita na mdomo umeuziba?"

Umeelewa? Kila mtu alikuwa anamsikia mama yake. Na mama yake Zuhura ni mimi. Sauti yangu mwenyewe ndiyo iliyomwita kule roshani, naye, kwa adabu niliyomfunza, akaifuata.

Nikaiweka kaseti sakafuni, nikainua mguu niisage. Sauti ikaniita tena, pole pole, kama vile alivyokuwa akiniamsha niende shule. Niambie, wewe ungekanyaga? Mimi mguu ulirudi. Nikamrudishia Wafula, nikambeba mwanangu, nikatoka.

Mlango wa roshani nimeufunga kwa waya. Zuhura nikimwita siku hizi haitiki. Ananitazama mdomo kwanza, mpaka nimshike mkono. Adabu yote niliyomfunza nimemfutia mwenyewe. Na wewe unayesoma haya, ukiitwa na umpendaye, mtazame alipo kabla hujaitika.

Siku ya pili ya tukio lile nilimwandikia msimamizi aliyetupangisha, kwa maandishi, na jina langu chini:

"Nalalamika juu ya kanda inayopigwa chumba cha jirani. Imehatarisha maisha ya mtoto. Jirani hana ubaya, msimfukuze. Naomba mtume mtu aje aichukue, na asiisikilize. Ningeivunja mwenyewe, lakini nimeshindwa."