Ufunguo Alioukataa Mama Mkwe

Mwanangu, nnaikumbuka siku nilipomwona mama mkwe wangu, Bi Zuwena, hana adabu. Tulikuwa tungali wageni hapa Maskati, tumetoka Unguja baada ya mapinduzi, na nyumba yetu ilipokea kila aliyekuja. Akaja jamaa wa mbali na sanduku lake la mninga, akaomba kuliacha mpaka apate makao Matrah, mji wa jirani. Kwetu sisi, mtu akikuwekea amana hukukabidhi na ufunguo, nawe huulizi kilichomo. Basi akautoa, mbele ya jirani yetu Bi Salma aliyekuja kunywa kahawa.

"Sanduku nalipokea," akasema Bi Zuwena. "Ufunguo kaa nao mwenyewe, baba. Nna watoto wa watu humu ndani."

Niliona haya nikainamia sinia.

Wiki haikwisha, askari wakaja kupekua. Sanduku lilikuwa chumbani kwetu, chini ya kitanda. Wakang'oa kufuli pamoja na pete zake. Ndani wakakuta bastola na mabonge ya afyuni. Mume wangu Nasor akachukuliwa. Nililia, mwanangu, maana ndoa yetu ilikuwa mbichi na nilijua simwoni tena.

Asubuhi Bi Zuwena akavaa buibui, akamshika Bi Salma mkono, nami nyuma yao, tukenda kwa kadhi. Kadhi akasema kilichokutwa chini ya kitanda cha mtu ni chake.

"Kitanda chake, sheikh, sikatai," akajibu Bi Zuwena. "Lakini alikijua kilichomo? Na angelijua, angelilifungua sanduku kwa meno? Askari wako wenyewe wameing'oa kufuli kwa kukosa ufunguo."

Bi Salma akaapa kwamba aliuona ufunguo ukirudi mfukoni mwa mgeni. Mgeni akatafutwa Matrah, akapatikana, na ufunguo anao. Kadhi akautia katika kufuli ile, ukazunguka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Nasor alirudi tukala pamoja chakula cha mchana. Nikambusu Bi Zuwena mkono, nikamwambia nilivyomdhania. Akacheka sana. "Haya ni njema, mwanangu, lakini haikutoi gerezani."

Basi nisikilize. Kitu hakiwi chako kwa kuwa kimo nyumbani mwako tu. Huwa chako ukikijua, na ukawa na amri juu yake, hata kama mkono wako haujakigusa. Wala usijidanganye kwamba asiyeuliza hajui. Ukisikia harufu ukajitia mafua, umeshajua. Rafiki akitaka kuweka mkoba ndani ya gari lako, muulize, tena mbele ya watu. Kuuliza si ujinga. Akikasirika, mwache akasirike na mkoba wake.

Haya, shika ufunguo wa nyumba hii, maana mimi nimechoka kuuvaa shingoni. Kilichomo unakijua chote, nimekuonyesha kila kasha. Mungu akujaalie wageni wema, na ulimi usioona haya kuwauliza.