Niliandika shemeji kwa fomu ya mbolea, na mkulima alikuwa amesimama hapo

Wakuu, niaje. Hii sijahadithiwa na mtu. Kalamu ilikuwa kwa mkono wangu mwenyewe, na aibu pia ni yangu.

Mimi nauza spea za pikipiki Kitale. Msimu uliopita nilipata kibarua cha kuandikisha wakulima huko Tongaren, ile mbolea ya serikali ya bei nafuu. Ukiandikwa unatumiwa SMS, unaenda depo na kitambulisho, unachukua. Usipoandikwa, shauri yako, nunua dukani.

Nikifika boma nauliza, "Mwenye shamba ni nani?" Natajiwa jina, najaza, naenda. Kijiji cha kwanza nilimaliza kabla ya chai ya saa nne. Nilijiona mkali sana.

Kijiji cha pili tukafika, mimi na mzee wa kijiji, kwa mama mmoja, nimwite Nasimiyu. Mumewe alifariki mwaka juzi. Kabla afungue mdomo, ndugu ya marehemu akaruka, "Andika mimi." Jamaa ana posho mill, mashine ya kusaga unga, huko Kimilili. Viatu vilikuwa vinang'aa, na matope ya Tongaren mnayajua.

Nikaandika. Bana, niliandika kabisa.

Nasimiyu hakupiga kelele. Alisema tu polepole, "Basi mbolea itaenda kwake. Na mwakani atasema shamba pia ni lake, si serikali imemwandika?"

Shemeji akacheka, ati wanawake na maneno.

Nikaendelea na fomu. Mlipanda mbegu gani?

Shemeji akaangalia juu. "Si ile... ya kawaida."

"Mahindi ya 614," Nasimiyu akasema.

Mlipalilia mara ngapi? Shemeji akasema mara nyingi.

"Mara mbili. Ya pili nilichelewa, mtoto alikuwa na malaria."

Viwavi walikuja? Shemeji akasema hapana, Mungu alisaidia.

Hapo Nasimiyu akamgeukia. "Walikuja mwezi wa tano. Nilitia jivu kwa kila mmea, shamba lote, na hii mikono. Wiki hiyo ulikuja kuchukua ndizi, ukaniuliza mbona kucha zangu ni nyeusi."

Nikainamia karatasi. Ndio nikasoma ile fomu vizuri mara ya kwanza tangu nipewe. Haisemi mwenye shamba, wakuu. Inasema "jina la mkulima."

Nikachukua fomu mpya. Shemeji akaniuliza kama najua yeye ni nani, na mimi hasira zangu haziko mbali. Nikamwambia, "Najua. Wewe unasaga. Huyu analima." Mzee wa kijiji akacheka mpaka akakohoa, na maneno yakaishia hapo.

Siku chache baadaye Nasimiyu akanipigia. SMS imefika, ameisoma mara tatu. "Ati 'Mpendwa mkulima', halafu jina langu. Hakuna mtu ameniita hivyo." Akalia kidogo. Na mimi pia, siwezi ficha.

Kile kijiji cha kwanza nilirudi, boma kwa boma, nikiuliza upya. Miguu iliuma na ilistahili.

Sasa ile aibu niliwaambia. Shamba la mama yangu huko Cheptais liliandikwa jina langu. SMS zinaingia kwa simu yangu, Kitale, na mama anangoja mpaka nipate nafasi niende depo. Jembe mara ya mwisho nilishika nikiwa shule.

Jumamosi nikafunga duka nikaenda. Nikamwambia, "Mama, leta kitambulisho nikuandike wewe."

Hata hakuingia nyumba. Alifungua fundo la leso, akakitoa hapo hapo, kimefungwa kwa nailoni.

"Nimetembea nacho tangu tuzike baba yako," akasema. "Nilikuwa nangoja uniulize."

Funzo langu ni hilo tu: kabla uandike jina, angalia mikono.

Haya, niambieni bila kunionea haya. Kwenu nyumbani, SMS ya mbolea huingia kwa simu ya nani?