Kavira Anapotea Kila Mangaribi

Umekwisha kuona mutu mumoja anapotea mara ine mu juma moja?

Mie niliona. Na yule mutu alikuwa mujukuu wangu.

Mukae niwaelezee polepole. Niko mama muzee wa Mususa, hapa Butembo. Nilisoma mpaka ya tano primaire tu, donc kama nitakosea maneno ya ordinatere, ile mashine ya kompyuta, munisamehe.

Marehemu binti yangu aliniachia wasichana batatu. Masika, wa kwanza, aliolewa Lubero. Kavira, wa pili, alienda shamba kule Beni kuvuna kakao. Alibeba kikapu kipya chenye kamba nyekundu. Siku ile watu wa bunduki walivamia, wavunaji wakakimbilia pori, kila mutu na njia yake. Yeye hakurudi.

Hapana mwili. Hapana kaburi. Ni mwaka wa saba.

Kavuo, wa tatu, njo ninaishi naye.

Kavuo anafanya kazi ya ramani. Paruasi moja, ni kusema parokia, kule Beni iliomba bureau ya kina Kavuo ipime makaburi yote, kwa sababu mvua inakula kilima. Ramani itabandikwa kwenye mulango wa kanisa tarehe mbili Novemba, siku ya wafu. Na padiri akakubali hata wale wasio na kaburi waandikwe: jina, na nafasi tupu.

Nikamuambia Kavuo: "Andika dada yako."

Akaandika. Mangaribi akafungua ramani. Makaburi yote iko. Kavira, hapana.

Kesho yake akaandika tena. Mangaribi, hapana.

"Ni librairie njo inamukula, Nyanya," akasema, bila kuniangalia.

Mie na akili yangu ya primaire! Asubui nikavaa kitenge cha misa, nikashuka mpaka librairie, duka ya vitabu ya karibu na soko. Nikakuta musichana mumoja, Ornella, anapanga vitabu vya sala.

"Binti, munirudishie mujukuu wangu."

"Nyanya, huku tunauzisha bikaye bya kuandikia na rozari. Bajukuu, hapana!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Mie pia nikacheka. Kisha nikalia, akaniletea maji.

Kumbe mu ordinatere kuko librairie ya namna ingine: ni kazi yenye wengine walishaandika, na weye unaiazima ikusaidie. Kavuo alinieleza na viazi juu ya meza. Kila kaburi ni alama yenye vipimo vitatu: cha upande wa mashariki, cha upande wa kaskazini, na cha urefu, vile iko juu ya kilima. Nafasi tupu nayo inapaswa kubaki ya vipimo vitatu, hata kama ndani hamuna namba.

Lakini ile librairie, ikikuta tupu, inasema: hapana kitu humu, urefu wa nini? Inaiandika ya vipimo viwili. Na ramani inakubali za vitatu tu. Donc inaitupa.

Siku ileile chef yake wa kazi akakuja kwetu, papa Mukendi, mutu wa Kasaï. Mutu wa heshima, mais haraka ilimushika.

"Mama, vide ni vide, tupu ni tupu. Tufute ile jina, kazi iishe."

Nikamumiminia chai. "Papa Mukendi, huyu binti anaitwa nani?"

"Si Kavuo?"

"Ni jina la binti wa ngapi?"

"Ah, mama! Nitajua aje? Mie niko Muluba."

"Kwetu Banande ni la binti wa tatu. Masika, Kavira, Kavuo. Leo nimebaki na babili. Sasa huyu amegeuka wa pili?"

Akamuangalia Kavuo. Mie nikaendelea:

"Kavira hayuko, lakini pahali pake pako. Tusimusukume Kavuo aingie mule. Tupu yetu inabaki na kipimo chake."

Mukendi akaweka kikombe chini. "Kavuo, kwa nini tunaangalia namba za ndani? Tuulize kwanza ile alama ilizaliwa ya vipimo ngapi."

Wakainama juu ya mashine mpaka chai ikapoa. Kisha Kavira akatokea: jina lake, tupu, ya vipimo vitatu. Nikafanya alama ya musalaba.

Mangaribi ya kesho yake: hapana Kavira.

Ya kufuata: hapana.

Nikamupigia Mukendi simu.

"Mama, librairie ilipona. Nilijaribu mie mwenyewe. Mashine inaonyesha ile jina linafutwa na mukono. Na mukono ule uko kwenu."

Nikaingia jikoni. Kavuo alikuwa anamenya viazi, ganda moja refu lisilokatika, vile dada yake alimufundisha.

"Ni weye?"

Kisu kikasimama.

Sikumugombeza. Nilikumbuka namna nilimuambia "andika, andika", na hata siku moja sikumuuliza roho yake iko aje. Batoto wangu, munaosoma hii, musimuharakishe mutu kumuhesabu mupenzi wake kati ya wafu. Pahali patupu ni petu wote, lakini kila mutu panamuchoma kivyake.

Nikakaa kando yake, nikamutoa kisu mukononi.

"Ulitaka nini, mama yangu?"

Machozi yakaanguka ndani ya maji ya viazi.

"Nilitaka akuje mwenyewe, Nyanya. Aniite petite, mudogo wake, aninyang'anye kisu, aseme ningali namenya vibaya."