Siku Arobaini na Saba

Mimi nasafisha matangi ya maji. Si haya ya juu ya mapaa, hapana. Nasema yale makubwa ya chini ya ardhi, ya kituo cha maji cha mji, ambayo ukisimama ndani ukaita mtu, sauti inazunguka kuta kwanza ndipo inakurudia. Naanza na hilo ili ujue mapema ni nani aliyekuwa chini siku ninayotaka kuisimulia. Lakini habari yenyewe ni ya mke wangu.

Mke wangu ni fundi wa redio na televisheni. Hiyo ndiyo kazi yake ya dukani. Kazi yake nyingine, ambayo halipwi na bado anaifanya kwa bidii kuliko ile anayolipwa, ni ya kiini. Amenieleza mara mia nzima mpaka nikaelewa. Kiini ni programu iliyo chini kabisa ndani ya mashine, inayoamka kabla ya nyingine zote na kuzigawia kazi. Hicho anachokishughulikia yeye ni huria, maana yake hakina bwana mmoja. Kila mtu anaweza kukisoma, kukirekebisha na kukitumia apendavyo. Watu mamia wa nchi tofauti wanakitengeneza kwa kuandikiana barua mtandaoni. Hawajuani sura, wanajuana kwa makosa.

Mtu akirekebisha mahali, anatuma kiraka. Wenzake wanakisoma na kukiponda bila haya, nimeona mke wangu akitokwa na machozi kwa barua ya mistari miwili. Kikipona hapo, lazima mwingine akiendeshe kwenye mashine yake mwenyewe, kisha aweke jina lake chini ya neno moja: nimejaribu. Wao hawana mihuri wala wakaguzi. Wana hilo neno tu, na wanaliamini kuliko mimi ninavyoamini ngazi ninayoshukia.

Yeye alikuwa na kipande chake ndani ya kiini hicho, kidogo kama kucha: kile kinachoendesha kisanduku cha kuongoza valvu za mabomba makubwa. Alikipata kisanduku kimoja kibovu kutoka kituo chetu, kilipoletwa dukani kwake kikaonekana hakifai. Akakifufua. Kumbe duniani watu wenye kisanduku cha namna ile mezani, na wenye subira ya kukijaribia viraka, ni wachache mno. Wakawa wanamtegemea. Kule barazani kwao walimbatiza Mama Valvu, naye akijifanya hapendi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo shari ilipoanzia. Kisanduku kile kina saa yake, inayohesabu kila sehemu ya elfu ya sekunde. Baada ya siku arobaini na tisa na saa kumi na saba na dakika chache hesabu inajaa na kurudi sifuri, kama ile mita ya kilomita kwenye gari kuukuu. Kiraka kikiwa na dosari, hapo ndipo mashine hupotewa. Kwa saa ya kiini chenyewe wana ujanja wao: huianzisha dakika tano kabla haijajaa, ili makosa yajitokeze mapema. Saa ya kisanduku haikubali ujanja. Hapo ni kungoja tu siku zitimie.

Basi kikaja kiraka kutoka kwa mtu wa mbali, na kisanduku kikawekwa kwenye rafu ya jikoni kingoje siku hamsini. Kwenye soketi akabandika karatasi, kwa herufi kubwa: USICHOMOE.

Nilichomoa. Ilikuwa siku ya arobaini na saba, yeye yuko dukani, nami nilikuwa nimeitwa kwenye mkutano wa wafanyakazi na shati langu limekunjamana kama limetafunwa. Ile soketi nyingine ilikuwa imeungua. Nikasema, dakika kumi tu. Nikapiga pasi, nikachomeka tena, taa ya kijani ikawaka, nikaona mambo yako sawa. Si imewaka? Aliporudi alikitazama kile kisanduku kitambo, akanitazama na mimi, akaenda kuchemsha maji. Siku tatu baadaye nikamwona akiandika barua, nikamuuliza imekuwaje.

"Nimewaandikia nimejaribu," akasema. "Walikuwa wananisubiri mimi tu. Kesho wanafunga toleo."

"Hongera, Mama Valvu."

Hakucheka. Nikadhani kachoka.

Miezi ikapita. Jumanne moja fundi wa kituo akaja kutuwekea toleo jipya la kiini kwenye kisanduku cha tangi kubwa. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Jioni nikajitapa nyumbani kwamba saa kumi kamili alasiri kazi ya mke wangu imeingia kituoni kwa mkono wa mumewe. Akanitania kwamba kushika ngazi si uhandisi.

Na wiki saba baadaye ikaja Jumatano yenyewe. Nitakayoyasema sasa alinisimulia yeye, na mengine mlinzi wa getini, ingawa huyo ukimsikiliza sana atakuambia mke wangu aliruka ukuta.

Alikuwa dukani asubuhi, redio ya mteja iko wazi mezani, akafungua barua. Fundi mmoja wa mashamba ya umwagiliaji, nchi nyingine kabisa, alikuwa ameandika mistari michache. Kisanduku chake kimenyamaza baada ya siku arobaini na tisa na saa kumi na saba. Hakikuganda, taa inawaka, ila hakitoi tena amri. Valvu isipopata amri dakika nzima inajifungua yenyewe, maana waliounda valvu walihofia mji kukosa maji kuliko walivyohofia kitu kingine chochote. Vitalu vya miche vimesombwa. Mwisho akauliza kwa upole tu: Mama Valvu, kwako ilipita?

Akageukia kalenda ukutani na kuanza kuhesabu kwa kidole, kuanzia ile Jumanne ya majigambo yangu. Siku ya arobaini na tisa ilikuwa jana, saa kumi alasiri. Ongeza saa kumi na saba. Kidole kikasimama juu ya leo. Saa tatu asubuhi.

Saa ya duka ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na nane. Na ilikuwa Jumatano, siku ya kusugua tangi kubwa. Chini tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu, yaani mdogo wake wa kiume, mtoto wa mwisho wa mama yake.

Akapiga simu yangu. Simu yangu ilikuwa ndani ya kopo la biskuti juu, pamoja na ya shemeji, maana kushuka na simu ni marufuku. Akapiga ofisini. Karani huingia saa tatu. Akaacha duka wazi, chuma cha kulehemu kikifuka moshi mezani, akatoka mbio.

Kutoka dukani hadi kituoni ni mwendo wa zaidi ya nusu saa, na nusu yake ni kilima. Alipita kwa mafundi baiskeli, wakamwita, hakugeuka. Nyuma ya shule kandambili moja ikakatika, akaiacha hapo hapo. Anasema hakuwa akiwaza kifo changu wala cha mdogo wake. Lililokuwa likimzunguka kichwani ni lile neno moja na jina lake chini yake. Alikuwa anaogopa hata kufika, kwa sababu akifika atajua.

Getini mlinzi akampa kitabu cha wageni.

"Andika jina kwanza, mama."

"Mume wangu yuko tangini! Maji yanafunguka!"

"Kila anayeingia hapa ana haraka zake. Jina, saa, na unamtaka nani."

Akaandika. Nimekiona kile kitabu. Jina lake halisomeki, lakini saa inasomeka: saa mbili na dakika hamsini na tatu.

Msimamizi alikuwa kwenye chumba cha mitambo na kikombe chake cha chai. Akamwonyesha taa.

"Valvu imefungwa. Si unaiona nyekundu? Tulia, mama."

"Itafunguka saa tatu na dakika tatu, nne."

"Nani kakwambia?"

"Nakwambia mimi! Kiraka nilikipitisha mimi. Niliandika nimejaribu, na sikujaribu mpaka mwisho. Watoe watu, baba, nakuomba, watoe watu wangu!"

Msimamizi si mtu mbaya, ni mzito tu. Alimtazama mguu ule usio na kandambili, akamtazama usoni, akaweka kikombe chini. Lipo gurudumu la kufungia bomba kwa mkono. Zamani hakuna aliyeshuka kabla halijafungwa, lakini tangu kisanduku kije tukaacha, likashika kutu. Wakaling'ang'ania wote wawili. Likaenda robo, likakwama. Hapo msimamizi akakimbilia mdomo wa tangi na kuanza kugonga ngazi kwa spana.

Sisi chini tukasikia. Shemeji alikuwa karibu na ngazi. Mimi nilikuwa mwisho kabisa, hatua kama arobaini, nasugua kona.

"Shemeji, tunaitwa," akapaza sauti.

"Waambie chai isubiri! Imebaki kona moja!"

Ndiyo tabia yangu, nikianza kitu sipendi kukatizwa. Nikaendelea na brashi. Kisha nikasikia sauti ya mke wangu ikiingia tangini na kuzunguka kuta, ikiniita kwa jina ambalo ananiita yeye peke yake, tena chumbani. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga kazini kwangu. Sikujua kuna nini, nilijua tu kwamba mwanamke yule hapigi kelele.

"Acha brashi! Toka! Toka!"

Nikatupa brashi. Sakafu ina utelezi na mabuti yale hayakuumbwa kwa mbio. Nilikuwa katikati bomba lilipokohoa juu yangu. Ukishawahi kuisikia sauti ile ukiwa ndani, hutaisahau, upepo unatangulia, kisha ngurumo. Maji yakanipiga kiunoni na kuniangusha. Taa ya kofia ikazimika. Nikanyanyuka, yakaniangusha tena, na sikujua ngazi iko upande gani. Niliogopa vibaya sana, sina neno jingine la kulipamba. Nilipiga mayowe kama mtoto, na maji yakaingia mdomoni.

Mkono ukanishika ukosi. Shemeji alikuwa ameshapanda nusu ya ngazi, akateremka tena kunifuata. Alinivuta hadi kwenye vyuma, nami nikavishika kwa nguvu mpaka kucha mbili zikang'oka. Msimamizi anasema ni ile robo ya gurudumu iliyonipa nafasi. Bomba lingefunguka lote, nisingesimama hata mara moja.

Juu nilimkuta ameketi kwenye zege. Alimpapasa mdogo wake kichwa, akanipapasa mimi, kama anayetuhesabu. Akauliza ni saa ngapi. Msimamizi akasema tatu na dakika tano. Akatikisa kichwa, akatapika.

Mchana huo huo, vidole vyangu vimefungwa bandeji, aliketi jikoni akaandika barua kwa watu wake wote. Kule huandikiana kwa lugha ya kigeni, akanisomea kwa yetu. Aliandika kwamba neno nimejaribu lililo chini ya kile kiraka ni la uongo. Kwamba kisanduku chake kilikatika umeme siku ya arobaini na saba, naye aliona aibu kuwaambia waanze kungoja upya, akakisoma tu kiraka kwa macho na kukiamini. Kwamba watu wawili wamekaribia kufa kwa ajili hiyo. Wakiondoe kiraka leo, wawaarifu wote wenye toleo lile, na kipande chake wampe mwingine.

Nilisubiri habari ya pasi. Haikuwamo.

"Umeandika umeme ulikatika," nikamwambia. "Haukukatika siku ile. Mimi nilichomoa. Nilikuwa napiga pasi."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Kisanduku kilikuwa kinahesabu upya, na wewe shati limenyooka mpaka kwenye mikono. Tangu unioe umewahi kuwa na shati la namna hiyo?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningewaandikia nini? Kwamba mume wangu alikuwa anapiga pasi? Wangekucheka dunia nzima." Akafuta macho kwa kiganja. "Nikaona bora niandike nimejaribu."

Akaituma ile barua bila kubadilisha neno. Jioni majibu yakaanza kuingia, mengine makali, mengine ya huruma. Kipande chake hawakumnyang'anya. Walimtaka ajaribu kiraka kipya, siku hamsini kamili, na safari hii aweke pia kumbukumbu za kila siku.

Gurudumu sasa limepakwa grisi, na hatushuki kabla mimi mwenyewe sijalifunga mpaka mwisho. Hata hivyo kila Jumatano hurudi kulijaribu mara ya pili kabla ya kushuka, na shemeji hujifanya haoni. Nyumbani kisanduku kiko rafuni. Kila alfajiri, kabla sijanawa uso, naenda jikoni kugusa plagi nione kama imekaa. Leo ni siku ya arobaini na saba. Nimevaa shati lililokunjamana, naye amenitazama kutoka mlangoni, akaja kuigusa plagi na yeye.